Majuma ya Mwisho Ugenini

Siku hizi vijana wetu wengine huvuka bahari kwenda kusoma muhula mmoja tu, kisha hurudi. Kwa sababu hiyo huulizwa swali: Je, mwanafunzi aonapo yamesalia majuma matatu au manne, ni halali yake kuyafurahia? Wako wasemao si halali, kwa maana nyumbani watu wamechanga fedha, na mama yake analima peke yake. Wengine husema, Na afurahi apendavyo, maana huenda asirudi huko tena. Maneno hayo yote mawili yana kweli ndani yake, walakini hayatoshi. Na tuyapime.

Tuchukue mji mmoja uwe mfano. Kusini mwa Ujerumani, kando ya mto Neckar, uko mji wa Tübingen, na chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1477. Mafundisho ya muhula wa kiangazi huanza katikati ya Aprili na kuisha mwishoni mwa Julai. Basi majuma ya mwisho huangukia wakati mzuri sana wa mwaka. Mwanzo wa Julai jua huchwa baada ya saa tatu za usiku, na mtoni watu hupita katika mashua ndefu zenye tako bapa, wakizisukuma kwa upondo, kama wafanyavyo wenye mitumbwi kwetu penye maji haba. Lakini wakati uo huo mitihani nayo imekaribia.

Katika siku kama hizo wako wanafunzi wa namna mbili wapotezao majuma yao. Wa kwanza amekwisha kurudi nyumbani kwa moyo, ingawa mwili ungaliko Ujerumani. Huhesabu siku, hufunga mizigo mapema, na jioni yote husema na watu wa kwao kwa simu. Jirani akimsalimu, humjibu nusu. Huyo nyumbani hawamfaidi, na huko hawampati. Wa pili ni mwenye pupa. Leo yuko Paris, kesho Vienna, hulala katika treni, na kila mnara huupiga picha kabla hajautazama kwa macho. Hula kama mtu aliyeambiwa kwamba chungu kitaondolewa sasa hivi. Wawili hao huonekana mbalimbali, lakini ugonjwa wao ni mmoja: wote wauogopa mwisho.

Wenyeji wenyewe wana desturi iwezayo kutufundisha. Iko mboga waipendayo sana, chipukizi nyeupe zikatwazo chini ya udongo, nao huziita Spargel. Katika majira yake huzila kwa furaha kubwa. Lakini ifikapo tarehe 24 Juni, sikukuu ya Yohana Mbatizaji, wakulima kwa desturi huacha kukata, ili mmea upate nguvu za mwaka ujao. Mwisho huo wajulikana tangu mwanzo. Mwenye busara haachi kula mwezi wa Mei kwa kuihuzunikia Juni, wala hali kapu zima usiku wa tarehe 23. Hula fungu lake, akashukuru. Kujua ya kuwa chakula kina mwisho hakumwondolei ladha, bali humfanya aiangalie.

Na fedha za waliochanga je? Hao hawakutuma kikapu kikajazwe masomo, walimtuma mtu. Arudiye na masomo matupu, asijue jirani yake alikuwa nani wala watu wale hucheka kwa jambo gani, ameleta nusu ya alichotumwa. Walakini furaha ilayo saa za mtihani ni wizi, hata ikipewa jina zuri. Basi kipimo ni hiki: furaha ya halali ni ile isiyoacha deni nyuma yake.

Katika nchi ile ya Waswabi, nyumba zenye wapangaji wengi huwa na zamu ya kufagia ngazi, juma hata juma. Ikiwa zamu ya mgeni imeangukia siku mbili kabla ya safari, afanyeje? Nani atamdai akiisha kupanda ndege? Hapo ndipo mtu hupimwa. Afagiaye ngazi asizozipanda tena amemtengenezea njia mgeni ajaye baada yake. Tena na arudishe vitabu vya watu, aende kwa mwalimu, kwa mwenye nyumba, na kwa mwenzake wa darasani, amwambie kila mmoja alichokipata kwake. Wazee husema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Uponyaji huo hutimia kwa jinsi mgeni aondokavyo.

Wala tusidhani kwamba kuondoka ni kukata uzi. Derendingen, mahali palipo leo ndani ya mji wa Tübingen, ndipo alipozaliwa Ludwig Krapf mwaka 1810. Yeye alifika Mombasa mwaka 1844, akawa mgeni wa watu wa pwani, akayasikiliza maneno yao. Na kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilichapwa mjini Tübingen mwaka 1850. Neno alilolisikia ugenini kwa masikio mazuri lilivuka bahari, nasi twalisoma hata leo. Mwanafunzi wetu naye, jioni moja ya Julai, aweza kutembea mpaka Derendingen na kufikiri: Mimi nami nimesikia nini kwao, ambacho chastahili kuchukuliwa?

Basi, ninyi wazazi na walimu, mmwandikiapo kijana aliye ng'ambo, msimwulize tu, "Warudi lini?" Siku hiyo itafika bila kuulizwa. Mwulizeni pia, "Umekwisha kuwaaga nani?"