Shaba ya uani: Faida yako, moshi wa nani?

Ipo kazi iliyoota mizizi katika mitaa yetu ya pembezoni, kuanzia Tandale na Manzese hadi Tandika na Mbagala. Ukipita jioni uchochoroni, unakuta moshi mweusi umetanda juu ya ua wa mtu. Si mama anayepika. Ni vijana wanaochoma nyaya ili plastiki iungue ibaki shaba, ambayo baadaye hupimwa kwa kilo na kuuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ukiwauliza, jibu lao ni fupi: "Tunatafuta riziki, tena ndani ya ua wetu."

Ndugu msomaji, jibu hilo lina uzito na halifai kupuuzwa. Je, mtu anayefanya kazi ya mikono, kwa jasho lake, nyumbani kwake, jirani ana haki gani ya kumuuliza?

Kwanza tuondoe dharau. Kazi ya moto na madini ni kazi ya heshima. Swahaba Khabbab bin al-Aratt (RA) alikuwa mhunzi kule Makka. Surat al-Kahf inatueleza jinsi Dhul-Qarnayn alivyotumia chuma na shaba iliyoyeyushwa kujenga kizuizi cha kuwalinda watu dhidi ya Yaajuj na Maajuj. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba, na chache kati yake ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya kaskazini mwa Australia. Kule Katanga, mafundi waliyeyusha mawe ya kijani yenye shaba katika matanuri ya udongo wa kichuguu, kwa mkaa na mivukuto, wakatengeneza misalaba iliyotumika kama fedha. Basi anayemwita kijana wa nyaya mhuni kwa sababu tu ana masizi usoni, anamdhulumu.

Lakini uhalali wa kazi hauhalalishi kila namna ya kuifanya. Mtume (SAW) alipofananisha rafiki mbaya na mvukuta moto wa mhunzi, alitaja mambo mawili: atakuunguza nguo, au utapata kwake harufu mbaya. Mfano ule haukulaani uhunzi. Ila unatuonesha kwamba moto wa mtu haumwishii yeye mwenyewe, bali humfikia na aliye kando yake.

Na moshi wa nyaya si harufu tu. Plastiki ile ina klorini. Ikiungua hutoa gesi ya asidi inayochoma macho na mapafu, na hutoa sumu ziitwazo dioksini. Sumu hizi huanguka na masizi ardhini, kuku wakadonoa, zikaingia kwenye yai analokula mtoto, na hudumu mwilini miaka mingi. Anayejaribu kuyeyusha mawe ya shaba uani naye hana nafuu. Shaba huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,085, na mawe mengi ya shaba yana salfa, mengine hata aseniki, ambazo motoni hugeuka moshi wenye sumu. Ukuta wa ua utauzuiaje?

Hapa ndipo hoja ya "ua wangu" inapovunjika. Kanuni ya fiqhi inasema madhara huondolewa. Wanazuoni, hasa wa madhehebu ya Maliki, walijadili zamani moshi wa matanuri na mahamamu unaowaudhi majirani, na hawakuona kwamba kumiliki kiwanja ni kumiliki na hewa ya wenzako. Faida ni ya mmoja. Hasara imegawanywa mtaa mzima, bila ya mtu kuulizwa kama anaridhia.

Lipo na jambo la pili: nyaya zimetoka wapi? Ziko za redio mbovu na majengo yaliyobomolewa, hizo hazina neno. Lakini ziko zilizokatwa kwenye nguzo za umeme, na usiku huo zahanati ikabaki gizani. Kenya ilifikia kupiga marufuku biashara ya vyuma chakavu Januari 2022 kwa sababu ya hujuma kwenye miundombinu, kabla ya kuiruhusu tena mwaka huohuo kwa masharti. Mnunuzi asiyeuliza kwa sababu anaogopa jibu, hawezi kujitetea kwamba hakujua. Amejifumba macho kwa makusudi, na mambo yenye shaka tumeusiwa tuyaepuke.

Najua mtasema: njaa haisubiri fatwa. Ni kweli, na ndiyo maana simlaumu kijana peke yake. Yeye ndiye wa kwanza kuuvuta moshi ule, na ndiye anayepata kidogo kuliko wote mpaka shaba ifike bandarini. Lakini njia ipo. Waya humenywa kwa kisu. Ni kazi ya polepole, ila shaba isiyoungua ni safi na kwa kawaida bei yake huwa nzuri zaidi. Mnunuzi anaweza kukataa iliyochomwa na kudai maelezo ya ilikotoka. Na sisi majirani, wenye misikiti na kamati za mitaa, tunaweza kuchanga tukawanunulia vifaa vya kumenyea, badala ya kungoja mpaka tuwaitie mgambo.

Anayetafuta halali aangalie mambo mawili: kilichoingia uani kwake kimetokea wapi, na kinachotoka kinakwenda kwenye mapafu ya nani.

Wabillahi tawfiq.