Mwandikishe Mwenzi Wako Kabla Homa Haijabisha Hodi

Watu wa Mungu wa Kakamega, kuanzia Lugari hadi Butere, kuanzia Malava hadi Ikolomani! Leo nasema na mwalimu, nesi, askari, karani wa wizara, na kila mmoja ambaye mshahara wake unatoka serikalini na mwenzi wake alizaliwa ng'ambo ya mpaka. Nasema nawe uliyeoa Mbale. Nasema nawe dada uliyeolewa na mwanamume wa Tororo, nawe uliyempata Mtanzania au Mkongomani mkajenga boma pamoja. Kila mwisho wa mwezi unakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wako wote kwa ajili ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali. Mwenye shilingi 40,000 anaacha 1,100. Mwenye 80,000 anaacha 2,200. Pesa hizo ni za nyumba nzima. Mbona basi kwenye kumbukumbu za SHA umeandikwa peke yako kama kapera?

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA ilipochukua mahali pa NHIF iliyokuwapo tangu 1966, mchangiaji hutibiwa pamoja na mwenzi wake na watoto wake. Sheria haikumfungia mlango mke kwa sababu alizaliwa Uganda. Kwanza inamtaka mgeni yeyote anayeishi Kenya zaidi ya miezi 12 ajiandikishe. Kinachomzuia mama watoto wako ni karatasi, na karatasi hizo huwezi kumwachia azihangaikie peke yake katika nchi uliyomleta wewe.

Najua ilivyokuwa. Alivuka Busia akiwa na kitambulisho cha Uganda tu, kwa kuwa tangu 2014 kitambulisho hicho kinatosha kusafiria. Akafika, akapokelewa kwa vigelegele, ng'ombe wakapelekwa kwao, wazee wakala, mkasema mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha! Mgeni akikaa Kenya zaidi ya siku 90 anapaswa kuandikishwa na idara ya uhamiaji apewe kitambulisho cha mgeni. Na Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka hata ndoa ya kimila ipelekwe kwa msajili wa ndoa ipate cheti. Mtaa mzima unamjua kwamba ni mkeo, mashemeji wanamwita mulamwa, chifu anamjua, lakini kompyuta ya hospitali haimjui. Siku atakapolazwa, kompyuta ndiyo itakayoulizwa.

Someni tena habari za Ruthu. Alikuwa Mmoabu, mgeni kabisa Bethlehemu, akiokota masazo nyuma ya wavunaji. Boazi alipomtaka hakuridhika na mapenzi ya uwanja wa kupuria. Alikwenda kwenye lango la mji asubuhi, akaketisha wazee kumi, akalimaliza jambo hilo mbele ya mashahidi, mtu yeyote asije akauliza kesho mwanamke huyu ni wa nani. Mwanamume wa Shinyalu, lango lako wewe ni ofisi ya msajili wa ndoa. Umekwenda?

Wala jambo hili si la Kenya pekee. Thailandi ina mpango wa matibabu wa watumishi wa serikali, unaomgharamia mtumishi, wazazi wake, mwenzi wake na watoto wake hadi watatu. Mgeni aliyefunga ndoa na mtumishi huyo anaingia, mradi ndoa imesajiliwa katika ofisi ya wilaya. Asiyesajili anabaki nje, hata wakiishi pamoja miaka mingi.

Dada zangu mlioolewa na wageni, nanyi msisite. Katiba ya zamani ilimpa mke wa Mkenya njia ya kuwa raia, ikamnyima mume wa Mkenya. Katiba ya 2010 iliiondoa dhuluma hiyo. Sasa, kwa ibara ya 15, aliyekaa kwenye ndoa na raia kwa miaka 7 ana haki ya kuomba uraia, awe mume au mke. Lakini miaka 7 ni mirefu, na malaria haiisubiri. Mwandikishe sasa kama mgeni; uraia utakuja kwa wakati wake.

Wapo wanaojituliza kwamba ibara ya 43 inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Ni kweli, na tumshukuru Mungu kwa ibara hiyo. Lakini dharura hupita. Baada yake kuna kitanda, dawa, picha na vipimo, halafu inakuja bili, na kundi la michango la WhatsApp linaanzishwa usiku. Mnaomba harambee kwa ugonjwa ambao mmekwisha kuulipia mwezi baada ya mwezi! Hilo linanichoma moyo.

Walimu, sikieni vizuri. Matibabu yenu yalihamia SHA mwezi wa Desemba 2025. Msidhani majina ya wategemezi yalihama yenyewe kutoka bima ya zamani. Piga *147# au ingia kwenye akaunti yako, soma jina moja moja. Jina la mwenzi wako lisipokuwapo, chukua cheti cha ndoa na kitambulisho chake cha mgeni, nenda ofisi ya SHA, na usitoke mpaka umeliona limeingia.

Nanyi makarani wa mapokezi, mama akija na lafudhi ya Kigisu, akiwa na kadi isiyofanana na zile mlizozizoea, msimfukuze kwa macho. Mwulizeni mumewe ni nani, mtafuteni kwenye orodha, na asipokuwamo mwonyesheni afanye nini.

Wazee wa kanisa na viongozi wa vikundi vya akina mama, Jumapili hii baada ya ibada wekeni meza nje. Yeyote mwenye ndoa isiyo na cheti aandike jina lake, na mchungaji apange siku ya kwenda nao kwa msajili, wote kwa pamoja, wiki hii hii.