Eli Hakumwita Samweli: Neno kwa Wazazi wa Vijana Wanaosoma



Katika 1 Samweli mlango wa 3 tunasoma juu ya mtoto aliyesikia sauti usiku, akamkimbilia Eli. Mara mbili Eli alimrudisha kulala. Mara ya tatu ndipo yule mzee alifahamu ni nani anayeita. Tuangalie vizuri hapo. Eli alikuwa kuhani, alikuwa na mamlaka katika nyumba ile, lakini hakusema, «Ni mimi niliyekuita.» Alimfundisha mtoto namna ya kujibu, akamwacha asikie mwenyewe. Kulipokucha akamuuliza ameambiwa nini.

Sisi wazazi wa Goma tunafanya kinyume. Tunawaita watoto kwa sauti yetu, na tunasema ni ya Mungu. «Wewe utakuwa daktari.» «Wewe utakuwa avoka.» Wengine wetu walipokea neno la unabii mtoto akiwa bado mgongoni, na tangu siku ile hawakuuliza kitu tena. Hatudharau unabii; kanisa letu limesimama juu ya kazi ya Roho. Lakini unabii haulipi minerval, wala hauchagui seksio kwa niaba ya mzazi aliyelala.

Mama mmoja alituletea binti yake tumwombee awe daktari. Mtoto alikuwa mwaka wa nne wa Biashara na Uongozi, kwa sababu shule hiyo ilikuwa karibu na nyumba. Tulipomuuliza binti mwenyewe anapenda nini, alinyamaza, kisha akasema hajawahi kuulizwa. Anapenda hesabu. Kila Jumamosi anamwandikia shangazi yake mali inayovuka Petite Barrière, na shangazi hapotezi hata franka moja. Maombi tulifanya, lakini tulimwambia mama pia aende kuuliza habari za ISC.

Basi wazazi tujue njia ilivyo. Mwisho wa mwaka wa 8 mtoto anafanya jaribio la TENASOSP, na hapo anaingia katika seksio: Pedagojia, Sayansi, Biashara, Umeme, Ushonaji na nyingine. Ana miaka kumi na minne hivi! Baada ya miaka minne ya humanites unakuja mtihani wa Serikali, na anayekosa asilimia 50 hapati diploma. Kwa hiyo mazungumzo ya udaktari yafanyike mwaka wa 7, mbele ya bulletin, tukiangalia pointi zake za hesabu na sayansi. Anayetaka kuuguza wagonjwa kuna ISTM. Anayetaka kufundisha, ISP. Unigom na ULPGL ziko hapa hapa mjini. Tuende kuuliza mlangoni kwao. Habari za barazani zinapotosha.

Na ufundi tusiudharau. Katika Kutoka 31 Mungu alimjaza Bezaleli Roho wake kwa kazi ya dhahabu, mawe na mbao. Roho yule yule! Mji huu uliunguzwa na Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002, na waliousimamisha tena ni waashi wanaojua kuchonga mawe ya volkano. Tangu kituo cha Matebe kizinduliwe mwaka 2015 kule Rutshuru, fundi wa umeme aliyesoma vizuri hakosi mlango wa kubisha. Mtume Paulo mwenyewe alishona hema.

Juu ya makuta, tuseme wazi. Bure iliyotangazwa mwaka 2019 ni ya shule ya msingi. Humanites ni mzigo wetu. Yusufu aliweka akiba miaka saba kabla ya njaa. Mabenki ya mji yalipofungwa mwaka 2025, tuliona namna AVEC na likelemba vilivyosaidia nyumba nyingi. Kidogo kila wiki, tangu mwaka wa 7, kiandikwe jina la mtoto.

Lakini makuta yakipungua, ni nani anatolewa shuleni kwanza? Ni msichana. Tunamtuma kuuza sombe ili kaka yake aendelee, hata kama kaka ana asilimia 40 na yeye ana 70. Mabinti wa Selofehadi, katika Hesabu 27, walisimama mbele ya Musa na wazee wote kudai sehemu yao, na Mungu akasema wana haki. Baba unayesoma ukurasa huu, kamata bulletin mbili za nyumba yako leo usiku, uzilinganishe ukiwa umefunika majina.

Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya ibada, wazazi wenye watoto wa mwaka wa 7 na wa 8 wabaki ndani. Walimu, wauguzi na mafundi wa kanisa watakuwapo. Mje pamoja na mtoto, na yeye ndiye atakayesema kwanza.