Kadi ya Mchango na Haki ya Kuishi

Shianda iko kando ya barabara itokayo Kakamega kwenda Mumias, katikati ya mashamba ya miwa. Miwa ilipokuwa ikilipa, familia iliyopatwa na ugonjwa mkubwa iliweza kukopa kwa kutegemea mavuno. Kampuni ya Sukari ya Mumias ikazama kwenye madeni hadi ikawekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, na mlango huo ukafungwa. Kilichobaki ni mchango. Kamati inaundwa nyumbani kwa mgonjwa, mwenyekiti na mweka hazina wanachaguliwa, kadi zinachapishwa, kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa, na nambari ya M-Pesa inasambazwa hadi Nairobi na ughaibuni.

Nina swali moja kuhusu kadi hiyo. Je, mtu aombe kitu ambacho tayari ni chake?

Maana kwa mujibu wa Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010, kila mtu ana haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Kabla ya Katiba hiyo, Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyezaliwa Ugenya, upande wa pili wa mpaka wa Kakamega na Siaya, alikuwa amelifikiria jambo hili kwa kina. Alipoandika kuhusu misaada ya nchi tajiri kwa nchi maskini, alikataa kuiita hisani. Alishikilia kwamba kila binadamu ana haki ya kiwango cha chini cha ubinadamu: usalama wa mwili wake, afya, na riziki ya kumwezesha kuishi. Asipokuwa na hivyo, haki zake nyingine zote hana namna ya kuzitumia. Yeye alizungumzia mataifa. Mimi naileta hoja yake kwenye meza ya kamati ya Shianda, kwa sababu hapo ndipo naiona ikiuma zaidi.

Tazama daftari la mchango. Kila jina huandikwa na kiasi chake, na daftari hutunzwa miaka mingi. Siku jirani akiugua, watu hukumbuka: huyu alikuja kwetu tulipofiwa, yule hatukumwona. Mfaransa Marcel Mauss aliandika mwaka 1925 kwamba zawadi hubeba wajibu wa kurudishwa, na mtu yeyote aliyewahi kuketi kwenye kamati anajua hilo bila kumsoma. Silaumu desturi hii, kwani ndiyo iliyotusomesha na kutuzika. Lakini fikiria mjane ambaye hakuwahi kuwa na cha kutoa. Ukurasa wake ni mtupu. Akipatwa na saratani ya umio, ugonjwa unaowala watu wengi magharibi mwa Kenya, yeye mwenye uhitaji mkubwa kuliko wote ndiye mwenye wadeni wachache kuliko wote. Daftari halina dhuluma ndani yake. Linafanya kazi yake sawasawa, na bado mjane anakufa.

Mitandao ya kijamii ilionekana kututoa kwenye daftari. Mwaka 2015 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu mwenye uvimbe kwenye ubongo alihitaji shilingi milioni moja ili akapasuliwe India. Mwandishi hodari akasimulia habari zake, na Wakenya wakachanga mara kadhaa ya kiasi hicho kwa siku chache. Nililifurahia tukio hilo, na ningelifurahia tena leo. Hata hivyo lilithibitisha jambo gumu: aliyepata mtu wa kumsimulia alipata nafasi. Wodini kuna wagonjwa wasio na simulizi nzuri. Kuna mzee mkali aliyegombana na ndugu zake. Kuna mama asiyetaka picha ya titi lake lenye kidonda ipitishwe kwenye simu za wageni, na hapaswi kuitoa ili aishi.

Halafu kuna hesabu. Bima ya afya ya umma ya SHA ilipoichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, kiwango cha saratani kilikuwa shilingi 550,000 kwa kaya kwa mwaka. Kwa baadhi ya wagonjwa fedha hizo huisha tiba ikiwa bado inaendelea, na hapo ndipo kadi huchapishwa. Chukua Herceptin, dawa ya aina moja ya saratani ya matiti. Kikao kimoja kiligharimu shilingi 120,000, na mgonjwa huhitaji takriban vikao 18 kwa mwaka: zaidi ya milioni mbili. Ni harambee gani ya sokoni itafika huko? Mwaka 2025 serikali na kampuni ya Roche zikakubaliana bei ishuke hadi shilingi 40,000 kwa kikao, na SHA ilipe yote. Hakuna mgonjwa aliyelazimika kupendwa ili jambo hilo litendeke.

Basi mchango una kazi gani? Kubwa, nadhani, kuliko ile tunayoutwika. Hakuna ibara ya katiba itakayomlalia mgonjwa wodini, wala kumpikia uji baada ya kemo, wala kuwalipia watoto wake karo akiwa Nairobi, kilomita zinazokaribia 400 kutoka nyumbani. Hayo ni ya jamaa na majirani, na hayakomi kuwa matamu kwa sababu hayadaiwi. Bei ya dawa ni jambo jingine. Tunapoibebesha kadi bei ya dawa, tunayatwisha mapenzi deni la mtu mwingine, na mdaiwa mwenyewe anakuja mazishini akapewa kipaza sauti.

Nalo hilo la mazishi lazima nilitaje. Huku kwetu mchango wa kuzika hujaa haraka kuliko wa kutibu. Si kwamba tunawapenda wafu zaidi. Msiba una tarehe, na huomba mara moja tu, lakini saratani huomba tena mwezi ujao, na mwaliko wa tatu huwachosha hata wema. Sioni sababu ya kumhukumu aliyechoka. Namhukumu aliyeupanga mfumo unaotegemea asichoke.

Kwa hivyo kadi ikikufikia, changa, na uchange mapema, mgonjwa akiwa bado na nguvu za kupanda gari. Na mbunge wako akija matangani na bahasha ya rambirambi, muulize mbele ya watu: kwa mgonjwa wa kijiji hiki, fedha za saratani za SHA huisha mwezi wa ngapi, na yeye amelisema jambo hilo bungeni?