Mvumilivu Hula Nini?

Tumelelewa tukiambiwa kwamba mvumilivu hula mbivu. Methali hiyo inamfaa mkulima anayesubiri embe. Je, inamfaa mtu mwenye kipandauso?

Kipandauso si kuumwa kichwa kwa kawaida. Mara nyingi hushika upande mmoja wa kichwa na kugonga kwa mapigo ya moyo. Mwanga unachoma, kijiko kikigusa sufuria ni kelele, tumbo linachafuka. Bila dawa huweza kudumu kwa muda wa saa 4 hadi 72. Kikishapita, mgonjwa anatembea na kucheka kama kawaida, wala hana kovu la kumwonyesha mtu.

Chuoni nimeishi chumba kimoja na dada mwenye ugonjwa huu. Kikimpanda hujifunga kanga kichwani, huziba dirisha na kulala kimya. Siku moja alikosa semina kwa sababu hiyo. Alipokwenda kujieleza aliambiwa, "Kichwa tu? Binti, sote tunaumwa vichwa. Jikaze." Akaitikia kwa adabu, akatoka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: nani ana haki ya kumwamuru mwenzake avumilie maumivu ambayo mwenye kuamuru hayasikii? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Uvumilivu ni fadhila pale anapouchagua anayeumia. Ukiagizwa na mtu mwingine, unakuwa njia rahisi ya kutomsikiliza.

Tena mwili wenyewe haumtuzi anayejikaza. Parasetamoli, ibuprofeni, aspirini, hata sumatriptani iliyoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1990 mahsusi kwa kipandauso, zote hufanya kazi vizuri zaidi zikimezwa mapema. Shambulio likikolea tumbo hupunguza kasi yake, na kidonge kilichochelewa kumezwa huchelewa pia kufika kwenye damu.

Hata hivyo, bibi zetu waliotuonya tusizoee dawa hawakukosea kabisa. Yapo maumivu ya kichwa yanayoletwa na dawa za kutuliza kichwa. Mwenye kipandauso anayemeza parasetamoli siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, anaweza kujikuta kichwa kinauma karibu kila siku. Kwa sumatriptani, au vidonge vinavyochanganya dawa ya maumivu na kafeini, hatari huanza kwenye siku 10 kwa mwezi. Duka la dawa la mtaani halitamfanyia hesabu hiyo. Itabidi aifanye mwenyewe.

Kwa hiyo anayechelewa kumeza anaumia, na anayemeza mara kwa mara anaumia pia. Hapo ndipo uvumilivu unapopata kazi yake halali. Propranololi ni dawa ya moyo na shinikizo la damu. Katika miaka ya 1960 iligundulika kwa bahati kwamba wagonjwa wa moyo walioitumia walipungukiwa na kipandauso. Haimfai kila mtu, mwenye pumu kwa mfano, hivyo huandikwa na daktari. Anayeandikiwa huimeza kila siku, hata siku ambazo haumwi, na huenda zikapita wiki kadhaa kabla hajaona nafuu. Kusubiri wiki hizo huku ukiandika kwenye daftari siku ulizoumwa na siku ulizomeza kidonge cha kutuliza ni uvumilivu wenye mbivu mbele yake. Kulala gizani bila dawa ili uonekane mkakamavu hakuna mbivu yoyote.

Utaniuliza: na wale wanaosingizia kichwa ili wakwepe kazi? Wapo, siwakatai. Lakini tupime makosa mawili. Nikimwamini mwongo, amepata mapumziko asiyostahili, na semina imekosa mtu mmoja. Nisipomwamini mgonjwa, nimemwongezea aibu juu ya maumivu, na safari ijayo hatasema. Atanyamaza, atameza vidonge kimyakimya siku baada ya siku, na hakuna atakayemshauri aende hospitali, kwa kuwa hakuna anayejua. Kosa la kwanza linarekebishika wiki hiyohiyo. La pili linaweza kumgharimu mtu miaka, nasi tukaendelea kumsifu kwamba ni mvumilivu.