Haki ya Mavuno

Waislamu wengi wa mwambao wetu, kuanzia Kabonga hadi Rumonge, wakisikia habari za ngoma takatifu za milimani hutamka neno shirki kisha hufunga mazungumzo. Nami naona kwamba suala hili, kwa kuwa lahusu chakula na Mwenye kukiruzuku, lastahili kutazamwa kwa utulivu zaidi.

Nilizuru Gishora, karibu na Gitega, mahali ambapo Mwami Mwezi Gisabo, aliyetawala Burundi katika karne ya 19, aliacha ngoma mbili za taadhima, Ruciteme na Murimirwa, moja ikiwa na jina la kufyeka pori na nyingine jina la kulima. Ngoma za namna hiyo ni magogo yaliyochimbwa ndani, yakawambwa ngozi ya ng'ombe iliyokazwa kwa vigingi pande zote, na wapigaji huingia uwanjani wamezitwika kichwani huku wakizipiga. Zamani zilikuwa chini ya amri ya Mwami, na zililia hasa katika Umuganuro, sikukuu ya kupanda mtama, ambapo Mwami alikula ugali wa mtama ili raia wapate idhini ya kupanda. Sikukuu hiyo ilikoma zama za Wabelgiji. Lakini huko Japani, kila tarehe 23 Novemba, mfalme hadi leo huitolea miungu mchele mpya kabla ya yeye mwenyewe kuula.

Basi, yatupasaje sisi? Kusujudu ni kwa Mwenyezi Mungu peke yake, na hilo halina mjadala; walakini kusimama kwa adabu mbele ya kumbukumbu ya wazee si kusujudu, na kukiri kwamba binadamu, hata akiwa mfalme, hali chakula kwa uwezo wake mwenyewe, ni jambo ambalo dini yetu imelifundisha kwa mkazo kuliko ngoma yoyote. Katika Surat al-An'am, aya ya 141, tumeamrishwa kutoa haki ya mazao siku ya kuvunwa kwake. Na mafakihi wakabainisha kwamba mazao yaliyofikia nisabu hutolewa sehemu moja ya kumi yakinyweshwa na mvua, na nusu ya hiyo yakimwagiliwa kwa taabu ya mkulima.

Ewe ndugu mwenye mpunga au mahindi, kabla hujamlaumu jirani yako kwa ngoma yake, toa kwanza haki ya maskini kwenye mavuno yako.