Usiku Ule Vinanda Havikuletwa

Somo: Danieli 6:16-23, 1 Samweli 16:14-23

Tukisoma Danieli sura ya 6, karibu kila mtu anarudi nyumbani na simba. Leo naomba simba tuwaache kwanza. Twende ikulu, mstari wa 18, kwa mfalme Dario. Huyu hakuwa na simba chumbani. Alikuwa na kitanda kizuri, askari mlangoni, hana deni la duka. Na bado usingizi ulimkataa.

Neno linatuambia alirudi kwake akakaa bila kula, vinanda havikuletwa mbele yake, na usingizi ukampotea. Nimeusoma mstari huo miaka mingi nikipita tu juu ya vinanda. Kwa nini mwandishi avitaje? Mimi naona ni kwa sababu siku zingine vililetwa. Mfalme alikuwa na watu wa kumpigia muziki jioni, moyo utulie, alale. Usiku huo hakuwataka. Shika hapo, tutarudi.

Kwamba muziki unatuliza mtu, hilo si jambo la vijana wa siku hizi na simu zao. Sauli aliposumbuliwa na roho mbaya, watumishi wake hawakumtafutia mtu wa kumpigia kelele. Walimtafutia mtu anayejua kinubi. Daudi alipiga kwa mkono wake, na Sauli akapata nafuu. Soma tena polepole, hakuna mahali pameandikwa kwamba Daudi alihubiri siku hiyo. Ni kinubi, chumba, na mgonjwa mmoja. Na wewe mama uliyelea, unajua haya kuliko mimi. Mtoto akilia usiku humpigii ngoma. Unamfunga mgongoni, unatembea polepole, unaimba chini chini, mpaka unasikia kichwa kimelala begani.

Watu wa hospitali nao wamelipima jambo hili. Mwaka 2005 wauguzi watafiti wawili, Hui-Ling Lai na Marion Good, walichapisha habari za wazee 60 huko Taiwan, wenye miaka 60 hadi 83, waliokuwa na shida ya usingizi. Waliowekewa muziki mtulivu walisikiliza dakika 45 wakati wa kulala, kwa wiki 3. Mwendo wa muziki huo ulikuwa mapigo 60 hadi 80 kwa dakika, karibu na moyo wa mtu aliyepumzika. Walilala vizuri kuliko wenzao, na kila wiki ilikuwa afadhali kuliko iliyotangulia. Kwa hiyo ukijaribu usiku mmoja ukaona bado unageuka kama chapati kwa kikaango, usikate tamaa.

Sasa kuna utafiti mwingine ulinichoma. Ulichapishwa 2008, ulifanywa na wanafunzi wa Hungaria wasiolala vizuri. Wengine walipewa muziki mtulivu, wengine wakapewa hadithi za kusomwa kwa sauti, dakika 45 vilevile, wiki 3 vilevile. Wa muziki usingizi wao ukawa bora. Wa hadithi hawakupata tofauti ya maana.

Wapendwa, kwa miaka nimewaambia hapa madhabahuni, ukikosa usingizi weka mahubiri yangu masikioni ulale nayo. Nilikuwa nawashauri vibaya. Mama mmoja wetu alishaniambia baada ya ibada, akicheka, "Mchungaji, wewe ukianza kwa simu, mimi naamka kabisa." Nilidhani ananisifu! Maneno yanataka kufuatwa, akili inakaa macho ikingoja nukta inayofuata. Mahubiri sikiliza ukikunja nguo. Ukipanda kitandani, omba, kisha weka wimbo wa kuabudu wa polepole, wa ala peke yake ukiupata, sauti ya chini kiasi kwamba mtu akiongea kawaida unamsikia. Simu igeuze kifudifudi, kioo kisikumulike. Iwekee saa ya kujizima. Muziki ukiwaka usiku kucha unaweza kukuamsha tena saa nane.

Na hapa wazee wa kanisa mnivumilie. Zile spika zetu za kesha zinazotazama ploti za jirani, nimeomba fundi azigeuze ndani. Sheria ya kelele ya 2009 inataka usiku nje ya makazi isizidi desibeli 35, na mtu akiongea tu kawaida karibu nawe ni kama 60. Kuna jirani anatoka zamu ya usiku na mwingine anaingia saa kumi na moja. Hatuwezi kumwombea mtu amani huku tunamnyang'anya usingizi.

Sasa turudi kwa Dario, kwa sababu sijasema kwa nini hakutaka vinanda.

Mwaka jana mimi mwenyewe nilikaa karibu miezi miwili silali. Nilifanya yote niliyowaeleza. Nilitafuta muziki wa kinanda, wa polepole, nikapunguza sauti, nikaacha chai ya jioni. Mwili ulikuwa unalegea kweli, mabega yanashuka, nasikia usingizi unakuja. Halafu muziki unaisha, na macho yanafunguka pwaa. Nikaenda kwa daktari, akanipima presha na sukari, akakuta sawa. Nasema hivyo makusudi: nilienda kwa daktari, na wewe mwenye shida hiyo wiki baada ya wiki, nenda. Na kama ulipewa dawa usiziache kwa sababu ya mahubiri haya.

Usiku mmoja mama watoto akawasha taa. Akaniambia, "Baba, hiyo simu haitakulaza. Wewe unalala na shamba la ndugu yako."

Sikumjibu. Nilikasirika, tena sana, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Baba yetu alipofariki, mimi kama kifungua mimba ndiye nilishughulika na karatasi. Mdogo wangu alikuwa kazini mbali. Shamba likagawanywa mara mbili, ekari sawa kwa sawa, na nikatia sahihi. Ukiangalia karatasi, hakuna kosa. Lakini upande wa barabara ulibaki kwangu, na yeye akapata mteremko wa mtoni, ambako kila masika maji yanabeba udongo. Alipouliza, nilimwambia mambo yamekwisha, sahihi imewekwa, haibadiliki.

Mnaona nilivyokuwa nimeingia kwenye sura ya 6? Dario naye alitia sahihi. Sheria ilikuwa halali, muhuri uko sawa, haibadiliki, na mtu asiye na kosa yuko shimoni. Kinanda gani kingemlaza? Sauli pia, kinubi kilimpa nafuu kweli, lakini wivu ulipoingia alimrushia mkuki yule yule aliyekuwa akimpigia, na kinubi kinalia. Muziki ni mkono wa Mungu juu ya mwili uliochoka. Haukuumbwa kufunika mtu aliye shimoni asisikike.

Dario aliamka alfajiri akaenda mbio shimoni. Yeye mwenyewe, hakumtuma askari. Mimi nilikaa sebuleni mpaka saa kumi na mbili kasoro, nikapiga simu. Mdogo wangu alishika akidhani kuna msiba. Nikamwambia hapana, nataka tupime shamba upya, kutoka juu kushuka chini, kila mtu apate barabara na kila mtu apate mto, na gharama ni yangu.

Akanyamaza muda mrefu, nikasikia jogoo wake kwa simu. Kisha akasema, "Kaka, umechukua miaka sita." Hakusema amenisamehe. Mpaka leo hajalisema hilo neno, na mimi simsukumi. Lakini mpimaji alikuja, vigingi viko ardhini, na mwezi wa nne alinipigia kuuliza nitapanda mbegu gani.

Usiku wa siku ile niliweka muziki ule ule, dakika 45. Sikusikia ukiisha.

Nitakuwa ofisini Jumatano kuanzia saa nane. Kama ni mwili umechoka, tutaomba na nitakupa nyimbo ninazotumia. Kama kuna karatasi ulitia sahihi, njoo nayo.